Kumpata mtoto wa kubeba mchezo: mwongozo kamili wa usaili wa mhusika mkuu katika tamthilia ya muziki ya familia

Mwezi Agosti 1976, katika jumba la maonyesho la Goodspeed mjini East Haddam, jimbo la Connecticut nchini Marekani, tamthilia mpya ya muziki iitwayo Annie ilikuwa imeonyeshwa kwa takriban wiki moja tu pale waandaaji wake walipokubaliana kwamba mtoto waliyempa nafasi ya mbele hakuwa ndiye waliyemhitaji. Kristen Vigard aliimba vizuri; kilichowasumbua ni upole wake. Annie ni yatima aliyekulia kwenye vitisho na kazi za sulubu, na mchezo mzima unategemea mtoto anayewatia moyo watu wazima, si mtoto ambaye watu wazima wanatamani kumfuta machozi. Walimtoa, wakamchukua Andrea McArdle, ambaye alikuwa akicheza mmoja wa mayatima wakorofi katika kundi lile lile, na ni yeye aliyefungua mchezo huo Broadway, kwenye majumba makuu ya tamthilia ya New York, mwezi Aprili 1977.

Kosa hilo ninaliona karibu kila mara ninapoketi kwenye jopo la usaili. Tunamchagua mwimbaji bora wa siku ile, kisha wiki ya tano ya mazoezi tunagundua kwamba hatukuwa tukitafuta mwimbaji. Mwongozo huu ni wa mtu anayeandaa tamthilia kubwa ya muziki ambayo babu, mama na mjukuu watakuja kuitazama pamoja, na ambayo kiini chake ni mtoto, iwe ni mchezo uliokodiwa kutoka nje au uliotungwa hapa kwetu. Nitazieleza hatua kwa mpangilio wake, lakini sitazipa zote nafasi sawa, kwa kuwa zipo mbili ambazo ukizikosea hakuna nyingine itakayokuokoa.

Hatua ya kwanza: andika kazi, si sifa

Matangazo mengi huandikwa kwamba anatafutwa "mtoto mchangamfu, mwenye kipaji na anayejiamini", maneno ambayo kila mzazi anaamini yanamhusu mwanawe. Andika kazi badala yake. Chukua skripti, saa na kalamu, upitie mchezo mzima ukihesabu mhusika anakaa jukwaani kwa dakika ngapi, anaimba nyimbo ngapi peke yake, anapumzika kwa muda gani kati ya wimbo na wimbo, anabadilisha nguo mara ngapi na kwa sekunde ngapi, anabebwa na nani na anaruka kutoka wapi. Billy, katika tamthilia ya Billy Elliot, haondoki jukwaani ila kwa vipindi vifupi, na katika onyesho moja anatakiwa acheze baleti, acheze dansi ya kugongesha viatu, apige sarakasi, aimbe, aning'inizwe hewani kwa waya na azungumze kwa lafudhi ya kaskazini mashariki mwa Uingereza. Ukiitazama orodha hiyo unaelewa mara moja kwamba mtoto wa namna hiyo hayupo tayari mahali popote akisubiri kupigiwa simu.

Kutokana na hesabu yako, chagua mambo mawili ambayo yasipokuwepo mchezo utaanguka, na mengine yote yaite ya kufundishika. Kwa Annie, mambo yangu mawili yangekuwa ukakamavu na sauti ya kifua isiyochoka, yaani ile sauti nzito yenye nguvu, si ile nyembamba ya kichwani. Kucheza dansi kunafundishika. Jambo la tatu ambalo watu hulisahau ni mbwa, kwa kuwa Annie anacheza na mbwa halisi. Mbwa wa kwanza wa onyesho hilo alitolewa kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa na akafundishwa na kijana aitwaye William Berloni, ambaye baadaye aliifanya kazi hiyo kuwa fani yake ya maisha. Watoto wengi wa Pwani hawajawahi kumgusa mbwa, na kwa familia nyingi za Kiislamu mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo jambo hilo litajwe kwenye tangazo lenyewe, si siku ya mazoezi wakati mtoto amekwishajifunza nyimbo zote.

Kabla hujatangaza lolote, kibali cha mchezo kiwe mkononi. Michezo mikubwa ya Broadway na London hukodishwa na kampuni za haki kama Music Theatre International ya New York, na kulipia mirabaha ya kupiga muziki hadharani hakukupi haki ya kuigiza tamthilia yenye muziki huo. Mikataba hiyo kwa kawaida hairuhusu kutafsiri, kukata wala kubadili maneno bila idhini ya maandishi. Suala la kushusha au kupandisha ufunguo wa wimbo, yaani kuuimba wote chini zaidi au juu zaidi, nalo liulize mapema, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua ni sauti za aina gani utakazozisikiliza.

Hatua ya pili: amua idadi ya watoto

Usimtafute mtoto mmoja. Billy Elliot ilipofunguliwa London mwaka 2005, wavulana watatu, James Lomas, George Maguire na Liam Mower, walipokezana nafasi ya Billy, na mwaka uliofuata tuzo ya Olivier, tuzo kuu ya tamthilia ya London, ya mwigizaji bora wa tamthilia ya muziki ilitolewa kwao wote watatu kwa pamoja. New York ilifanya vivyo hivyo mwaka 2009, wavulana watatu wakagawana tuzo moja ya Tony, ambayo ni tuzo kuu ya Broadway, na mwaka 2012 wasichana wanne waliopokezana nafasi ya Matilda katika tamthilia ya jina hilo jijini London wakagawana Olivier yao. Huko Broadway na London mchezo huonyeshwa mara nane kwa wiki, na mtoto mmoja hawezi kubeba mzigo huo pamoja na shule. Hata kwa watu wazima ni mzigo: mwaka 2006 watazamaji wa BBC walimpigia kura Connie Fisher acheze nafasi ya Maria katika The Sound of Music jijini London, na alipokwisha kuanza, maonyesho yake yalipunguzwa kutoka manane hadi sita kwa wiki ili kuilinda sauti yake.

Kwa maonyesho sita hadi kumi, ambayo ndiyo kawaida ya jukwaa zetu, chagua watoto wawili wa nafasi ile ile. Wape siku sawa za mazoezi na ukumbi, na wote wawili wawe na usiku wao wa watu waalikwa. Ukianza kumwita mmoja wao "wa akiba", utampata wa akiba kweli: hatafanya mazoezi kwa moyo, na siku mwenzake atakapoamka na homa utaingiza jukwaani mtoto ambaye umemwambia kwa miezi mitatu kwamba hatakuwa na kazi.

Hatua ya tatu: futi ya kupimia na cheti cha kuzaliwa

Hatua hii haina uhondo. Hesabu miezi kutoka siku ya usaili hadi onyesho la mwisho. Ikiwa ni saba, basi unamchagua mtoto atakayekuwa na miezi saba zaidi, mrefu zaidi, na pengine mwenye sauti nyingine kabisa. Mpime kila mtoto mlangoni akiwa bila viatu, andika urefu wake na tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, na tazama umbo la kaka au dada aliyemsindikiza, maana mara nyingi ndilo litakaloonekana kwake baadaye. Kumbuka kwamba udogo ni suala la kulinganisha. Mhusika anayeonewa na mwalimu mkuu katili lazima amtazame kwa kuinua kichwa, kwa hiyo ukimpata mtoto mrefu kidogo unayemtaka kwa dhati, tafuta kwanza mtu mzima mrefu zaidi kabla hujamwacha.

Kwa wavulana, sauti huanza kuvunjika mara nyingi kati ya miaka 12 na 14. Dalili haiko kwenye kuimba, iko kwenye kuzungumza. Mwache asimulie alivyofika asubuhi hiyo, usikilize kama sauti inateleza kwenda chini na kurudi juu bila yeye kutaka. Mvulana wa miaka 12 kwa mchezo wa miezi saba ijayo ni bahati nasibu, na ukiamua kuicheza, mwenzake awe na miaka 10.

Hatua ya nne: tangazo

Tangazo liwe fupi: jina la mchezo, umri, kikomo cha urefu, tarehe zote za mazoezi na maonyesho, malipo au posho, na sentensi inayosema wazi kwamba usaili hauna ada. Anayetoza mzazi fedha ili mtoto asikilizwe hatafuti mwigizaji, anatafuta fedha, na wazazi wameshaumizwa vya kutosha na watu wa namna hiyo.

Halafu nenda mahali watoto wanakoimba tayari. Kwaya za watoto makanisani na bendi za shule kila mtu anazijua, lakini waandaaji wengi hawajawahi kubisha hodi madrasa, ambako watoto wanaosoma kaswida kwenye Maulidi wamefundishwa tangu wadogo kushika pumzi ndefu, kupokezana na kuimba mbele ya umati bila woga. Nenda pia kwenye vikundi vya sarakasi na ngoma. Nchini Kenya, mashindano ya muziki na ya maigizo ya shule yametoa watoto wengi hodari, ila uwe tayari kuwaondolea kitu kimoja, yaani ile mikono inayopanda na kushuka kwa pamoja na tabasamu la kuwatazama majaji, ambayo kwenye mashindano huleta alama na kwenye tamthilia humfanya mtoto aonekane kama sanamu inayocheka.

Tom Holland, ambaye dunia inamjua leo kwa filamu, alionwa mwaka 2006 akicheza dansi ya hip-hop kwenye tamasha la dansi la Richmond, London. Hakuwa mcheza baleti. Alifundishwa kwa takriban miaka miwili, akapewa kwanza nafasi ya Michael, rafiki wa Billy, katikati ya mwaka 2008, na miezi michache baadaye akamcheza Billy mwenyewe. Kama waliomwona siku ile wangekuwa na fomu inayouliza "Je, anajua baleti?", angerudi nyumbani.

Hatua ya tano: duru ya kwanza, na jaribio moja lenye maana

Mtoto mmoja anahitaji dakika sita. Kwa saa moja utawaona kumi, na watoto 120 watakuchukua saa kumi na mbili za kuwasikiliza tu, na ukiongeza dansi ya pamoja ni siku mbili kamili, si siku moja ya kubanana. Anza kila kipindi kwa dansi ya pamoja ya watoto kumi na wawili kwa dakika arobaini, kwa sababu hapo woga unayeyuka kabla hawajaingia mmoja mmoja. Jopo liwe na watu watatu: mwongozaji, mkuu wa muziki na mwalimu wa dansi. Mfadhili asikae kwenye meza hiyo, na watu wazima wasipungue wawili chumbani wakati wowote. Wazazi wasubiri nje, kwenye kivuli, penye maji na choo. Usitumie biti iliyorekodiwa, mweke mpiga kinanda wa kweli, kwa kuwa biti haimsubiri mtoto aliyesahau mstari wala haishuki anapopanda kupita kiasi.

Mtoto aimbe wimbo anaoupenda, hata bila ala, kisha aimbe mistari minane ya wimbo wa mchezo aliofundishwa asubuhi hiyo pamoja na wenzake. Hapo ndipo jopo nyingi huandika alama na kuita mwingine. Usimwachie aondoke bado. Ulichosikia mpaka sasa ni kile alichofundishwa na mwalimu wake, mama yake au runinga, na huwezi kujua ni kiasi gani ni chake mwenyewe mpaka umpe jambo jipya.

Mpe elekezo moja, dogo na la kutendeka. Usimwambie "weka hisia", kwa kuwa hata watu wazima hawajui wafanye nini na maneno hayo. Mwambie aimbe tena mistari ile ile, lakini safari hii amwimbie mlinzi aliyesinzia pale mlangoni bila kumwamsha. Au mpe shuka, aikunje huku akiimba, na amalize kuikunja pamoja na neno la mwisho. Au mwambie aimbe mikono ikiwa nyuma. Kisha kwenye karatasi yako usiandike saba juu ya kumi. Andika kilichobadilika. Watoto wengi watarudia walichofanya mwanzo, kwa ustadi ule ule. Wachache watabadilisha kila kitu kwa hofu, hata maneno. Mmoja au wawili watatulia kidogo, watatazama mlangoni, na wimbo utakaotoka utakuwa wimbo mwingine. Zungushia jina hilo duara.

Namkumbuka msichana wa miaka kumi aliyeletwa na bibi yake, amevaa sare ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi. Alitusalimu "Shikamooni", tukaitikia, tukamuuliza atatuimbia nini, akaanza bila kujibu. Alianza juu mno. Kwenye ubeti wa pili sauti ikapasuka, akanyamaza, nasi tulikuwa tumekwisha inamisha vichwa kuandika pole zetu za kawaida. Akamgeukia mpiga kinanda: "Mwalimu, naomba tushuke kidogo." Mpiga kinanda akashusha. "Bado kidogo tu, mwalimu." Akashusha tena, naye akaimba mpaka mwisho kama mtu aliyetua kikapu njiani ili akibebe vizuri. Wapo watatu siku ile waliokuwa na sauti nzuri kuliko yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuonyesha angefanya nini mambo yakiharibika, kwa sababu hayakuwahi kuwaharibikia mbele yetu. Tangu siku hiyo ninahakikisha kwamba yanaharibika kidogo kwa kila mtoto. Mpiga kinanda huanza mapema kwa pigo moja, au kiti alichoambiwa akikalie hakipo. Sifanyi hivyo kwa kumkejeli, na mara akimaliza ninamweleza kwamba lilikuwa kosa letu. Jukwaani kosa huja kila usiku, na mhusika mkuu ndiye anayelipokea.

Hatua ya sita: duru ya pili, mtoto akiwa amechoka

Waite tena wanane hadi kumi, siku nyingine, kwa muda wa saa tatu na nusu. Muda huo ni wa makusudi. Unataka kuona saa ya tatu, jua likiwa limekwisha ingia ukumbini na vitafunio vimekwisha, ni nani bado anasikiliza.

Wafundishe ngoma ya haraka ya dakika kumi, kisha papo hapo, wakiwa wanahema, kila mmoja aimbe mstari mrefu zaidi wa mchezo. Sikiliza pumzi inakatikia wapi. Ikikatika katikati ya neno, ni suala la mafunzo. Ikikatika na mtoto akaanza kupiga kelele ili amalize, ni suala la koo, na hilo ni zito zaidi. Sauti ya kifua isiyo salama unaiona kabla hujaisikia: kidevu kinapanda, mishipa ya shingo inasimama, mabega yanafika masikioni. Mwimbishe wimbo mkuu mara tatu ndani ya saa moja, kisha mzungumzishe mambo ya kawaida. Akiwa amekwaruzika kwa kuzungumza tu, mtoto huyo ataumia kabla ya wiki ya mazoezi ya mwisho, na wewe ndiye utakayekuwa umemuumiza.

Baada ya hapo waigize vipande viwili pamoja na watu wazima watakaocheza nao kweli kama wamekwisha patikana, na ubadilishe jozi. Yupo mtoto anayeng'aa akiwa peke yake na kuzimika akisimama karibu na mtu mzima mwenye sauti nzito, na yupo ambaye hufunguka hapo ndipo ukamwona kwa mara ya kwanza. Weka mtu nyuma kabisa ya ukumbi, asikie maneno bila maiki. Maiki hukuza sauti lakini haimfundishi mtoto kutamka, na sisi tunaokulia kwenye lahaja mbalimbali tunajua jinsi "r" na "l" zinavyoweza kumchekesha mtazamaji mahali ambapo alitakiwa alie. Kama mchezo una mbwa, mlete mbwa siku hii.

Hatua ya saba: kaa na mzazi

Unapomchagua mtoto unachagua nyumba nzima. Tenga dakika ishirini kwa kila mzazi au mlezi wa watoto watano waliobaki, bila mtoto kuwepo. Uliza nani atamleta na nani atamrudisha, na kwa usafiri gani, kwa kuwa daladala ya saa tatu usiku si jibu. Uliza yuko darasa la ngapi. Nchini Tanzania mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na mchezo wa Agosti ukimchukua mtoto wa darasa hilo utapata ugomvi na mwalimu wake, ambaye atakuwa na haki. Uliza kuhusu madrasa, tuisheni, Ramadhani, ibada za Jumapili au Jumamosi. Uliza kama ana pumu. Kisha nyamaza kidogo, umwache mzazi aulize.

Maswali yake yatakueleza mengi. Mzazi anayeuliza mtoto atakula saa ngapi na nani atakuwa naye chumba cha kubadilishia nguo ni mshirika wako. Mzazi anayeuliza picha ya nani itakuwa kubwa kwenye bango, au anayekusimulia jinsi yeye mwenyewe alivyonyimwa nafasi alipokuwa mdogo, hatakuwa tatizo leo, atakuwa tatizo usiku wa tatu, nyuma ya pazia, mbele ya watoto wengine. Nimewahi kumwacha mtoto mzuri kwa sababu hiyo, na nilijisikia vibaya, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Siku hizi ninafanya tofauti kidogo: ninamweleza mzazi masharti, likiwemo la kutoingia nyuma ya jukwaa, ninampa siku mbili afikiri, na mara nyingi anajiondoa au anajirekebisha mwenyewe.

Ndani ya siku hizo mbili shughulikia sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa ajira, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno "mshahara" kwenye karatasi yoyote, onana na afisa ustawi wa jamii au afisa wa watoto wa eneo lako, umweleze ratiba, na upate ushauri wake kwa maandishi. Panga maonyesho ya saa tisa alasiri na saa kumi na moja jioni badala ya usiku, jambo ambalo pia linawafaa babu na wajukuu uliowauzia tiketi. Uingereza ni mfano mzuri wa kuigwa hapa: mtoto huombewa leseni kwa halmashauri ya anakoishi, na msimamizi mmoja aliyeidhinishwa haruhusiwi kuangalia watoto zaidi ya 12 kwa wakati mmoja. Hata kama hapa hakuna anayekulazimisha, weka msimamizi ambaye kazi yake ni watoto tu, asiyeshika mavazi wala pazia.

Hatua ya nane: uamuzi

Usijumlishe alama. Wastani humpendelea mtoto asiyemchukiza mtu yeyote, na mhusika mkuu hapatikani hivyo. Kila mjumbe wa jopo ataje jina moja na aseme ni tukio gani alilolishuhudia, kwa maneno ya aina ya "alipoambiwa hivi, akafanya hivi". Asiye na tukio hana hoja. Rudini kwenye yale mambo mawili ya hatua ya kwanza, mhakikishe kwamba hamjahama kutoka kwenye ukakamavu mkaenda kwenye uzuri wa sura bila kujua. Wakati huo huo msijifungie kwenye picha iliyoko kichwani: tamthilia ya The Lion King ilipofika Broadway mwaka 1997, Rafiki, yule nyani mganga ambaye kwenye filamu ya katuni alikuwa mwanamume, alichezwa na mwanamke kutoka Afrika Kusini, Tsidii Le Loka, na hadi leo nafasi hiyo ni ya wanawake.

Mkishindwa kukubaliana kati ya wawili, liacheni suala hilo kwa usiku mmoja, kisha waite wote wawili kwa nusu saa nyingine ya mazoezi ya kweli, si ya usaili. Na kwa kuwa unachagua watoto wawili, jiulize pia kama wawili hao wanaweza kufundishana. Wasifanane. Mmoja awe mkali na mwingine mtulivu, na mwongozaji awe tayari kuwa na michezo miwili yenye tofauti ndogo.

Kutoa habari, na kuendelea kupima

Piga simu kwa wazazi siku moja, wote, waliopata na waliokosa, kabla jina lolote halijaonekana kwenye mtandao. Kwa aliyekosa, taja kitu kimoja cha kweli ulichokiona kwake, na kama kuna nafasi ya kundi itaje hapo hapo, bila kuifanya iwe pole. Ukumbuke kwamba McArdle alitoka kwenye kundi. Aliyepata apewe mkataba unaosomeka, kwa Kiswahili, wenye tarehe, posho, chakula, usafiri, bima, na kifungu kinachosema nini kitafanyika sauti ikibadilika au urefu ukipita kikomo, ili siku hiyo ikifika isiwe fedheha kwa mtoto.

Tarehe moja ya kila mwezi wapime tena bila viatu, mkuu wa muziki awasikilize wakizungumza, na uandike kwenye daftari lile lile la siku ya usaili. Kama mchezo utasafiri mikoani au kurudi mwakani, tangazo la kumtafuta mtoto wa tatu litoke wakati wale wawili bado wanafanya vizuri, na wao wenyewe waketi kwenye viti vya mbele siku ya usaili huo, wawafundishe wageni ile mistari minane.